Ndege Moja Ambayo Tata Lutufyo Hakuigusa

Mwezi uliopita tulikwenda Makwale kuweka msalaba kwenye kaburi la Tata Lutufyo, tata kwetu ni baba, na kabla ya chakula wanafunzi wake wa zamani wa kuchonga tukaombwa kila mmoja aseme neno. Tulikuwa kumi na mmoja, wengi tukiwa na mvi, na mmoja wetu alishindwa kusimama bila kusaidiwa. Kila aliyepewa nafasi alirudia jambo lile lile kwa namna yake: kwamba marehemu hakuwahi kuchonga ndege ambayo hakuigusa kwa mkono wake. Vijana waliokuja na simu zao walirekodi. Zamu yangu ilipofika nilisema maneno mawili matatu ya shukrani nikaketi, kwanza kwa sababu wali ulikuwa unapoa, na pili kwa sababu ninachokijua mimi hakisemwi kwa dakika mbili. Kuna ndege moja ambayo hakuigusa, na ndiyo ile ile iliyompa jina. Tuliokuwepo siku aliyolisema hilo mbele za watu tumebaki wachache. Nisipoandika, mzee wetu atageuzwa mtakatifu, na ninavyomfahamu, utakatifu usingemfaa hata kidogo.

Ya nyumbani kwetu Talatala nayaacha. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nimerudia mtihani wa kidato cha nne na kuufeli mara ya pili, na sikutaka kuonana na mtu. Nikapelekwa Makwale kwa Mama Tupo, mke wa Tata Lutufyo, nimsaidie kazi ya kakao. Tata mwenyewe alikuwa mtunzaji wa kiwanja kidogo cha ndege cha nyasi kule karibu na mji wa Kyela. Alifyeka, alifukuza ng'ombe, alitundika mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo. Ndege zilizotua pale zilikuwa chache, pengine moja kwa wiki, na wakati mwingine ulipita mwezi mzima bila kuonekana hata moja. Kila iliyotua aliisubiri injini inyamaze, akavua kofia, akamwendea rubani na kumwomba ruhusa ya kuipima. Sijasikia rubani aliyemkatalia. Alipima kwa kamba yenye mafundo, fundo moja kila mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Akirudi nyumbani alikuwa na hesabu zote kichwani, na kwa wiki tatu au nne zilizofuata tulikuwa tunaishi na ndege hiyo kama mgeni wa kike aliyekuja kujifungua: kila kitu kilikuwa kwa ajili yake.

Chumba cha kazi kilikuwa ghala la mpunga. Magunia upande mmoja, meza ndefu chini ya dirisha upande mwingine, na juu, kwenye mianzi ya paa, ndege zilizokamilika zikining'inia kwa nyuzi za nyavu. Mtu akipita na upepo kidogo zote ziligeuka pamoja. Harufu ilikuwa ya mpunga, gundi, na ule uchachu wa kakao iliyovundikwa nje chini ya majani ya migomba, na hadi leo nikifungua bati la kakao dukani Dar es Salaam naiona ile meza. Alichonga kwa kiini cha makuti ya mwale, mti wa jamii ya michikichi, chepesi ajabu, alichokikausha miezi kadhaa juu ya moshi wa jiko. Vioo vya madirisha vilikuwa vipande vya picha za eksirei zilizotupwa hospitalini, alizozisugua hadi zikawa angavu. Kuna mbavu za watu wa Kyela zilifutwa ili marubani wapate pa kuchungulia, alikuwa akisema, na Mama Tupo humwambia aache utani na miili ya watu. Rangi nyekundu ilikuwa rangi ya kucha ya Mama Tupo. Hilo nalo lilikuwa na mjadala wake.

Lakini jambo lililonikamata mimi, msichana aliyefeli hisabati mara mbili, ni kipimo. Tata Lutufyo alichagua punje za mchele wa Kyela, zilizonyooka, zisizovunjika, akazipanga kwa urefu kwenye ubao na kuzigundisha. Ndiyo ilikuwa rula yake. Mkono mmoja wa ndege ya kweli ni punje moja mezani. Ndege yenye mikono ishirini inakuwa punje ishirini. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na ungo wa kakao nikimwangalia, akaniuliza bila kuinua macho: bawa la mikono kumi na sita na nusu ni punje ngapi? Nikajibu. Akauliza nusu ya punje nitaipataje. Nikamwambia nitachukua chenga. Akacheka mpaka Mama Tupo akaja kuona kuna nini, na kuanzia siku ile nilikuwa na kiti mezani. Sikuwahi kuambiwa kwamba nina akili ya hesabu. Sikuambiwa siku ile pia, lakini nilipewa kiti, na kwangu kiti kilitosha.

Kulikuwa na sheria moja na ilitajwa karibu kila siku: usichonge usichokigusa. Kijana mmoja wa Kyela mjini aliwahi kuleta ndege nzuri sana aliyoichonga kutoka kwenye picha ya kalenda. Tata aliishika, akaisifu rangi yake, akamrudishia, na kumwambia akiiona ya kweli na kuigusa arudi. Kijana hakurudi. Mimi nilimwonea huruma, lakini niliielewa sheria, maana juu ya ndege zote, katikati kabisa ya paa, ilining'inia ile ambayo kila mgeni alionyeshwa kwanza: ndege ya majini, yenye mitumbwi miwili badala ya magurudumu. Ilitua ziwani kule Matema, Tata alipokuwa kijana, ikakaa siku mbili ikaondoka, na yeye akaigusa. Ndivyo alivyosimulia. Ndivyo alivyomsimulia hata ofisa aliyetafuta mtu wa kutunza kiwanja, na kazi akaipata kwa sababu hiyo, kwa kuwa waombaji wengine hawakuwahi hata kukaribia ndege.

Katikati ya mwaka ndege moja ndogo ilitua ikashindwa kuruka. Kuna kifaa kilikufa, na kingine kikabidi kitoke Dar es Salaam. Rubani akaenda zake Mbeya kwa gari; fundi wake, Bwana Salehe, mtu wa Tanga, mwembamba na mpole, akabaki kuilinda, na Tata Lutufyo hakukubali alale mjini. Alikaa kwetu siku tisa. Mama Tupo alimwita jirani Mwislamu aje achinje kuku, akapika wali na kuku, kesho yake mbalaga ya ndizi na maharage, keshokutwa mbasa wa ziwani, na Bwana Salehe akila huku akisema mama atanifanya nisitoshe kwenye injini. Kumbe naye alichonga ndege. Kwao kulikuwa na watu wa kazi hiyo, wanakutana, wanakosoana. Alipoiona rula ya mchele aliishika muda mrefu, akaomba rula ya kawaida, akapima mkono wa Tata, akapima punje, akapiga hesabu kwenye kiganja. Ndege za kuchonga, alisema, dunia nzima watu wengi wanazifanya kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili. Punje ya Kyela na mkono wa Mzee zinafika pale pale, tofauti ya unywele tu. Mama Tupo alimwambia ndaga fijo, asante sana, kana kwamba mchele ule ameuumba yeye. Tata alijifanya anatafuta gundi.

Siku ya nane Bwana Salehe akasema kwamba chuo kimoja cha ufundi Dar kinaandaa maonyesho ya kazi za mikono, na kwamba angependa kuchukua ndege moja ya Mzee ikaonekane. Achague mwenyewe. Tata hakufikiri hata kidogo. Akaishusha ndege ya majini. Bwana Salehe akaigeuza huku na huku dirishani. Nilikuwa nasugua bawa langu pembeni yao, nikaona uso wake unabadilika kidogo, jinsi mtu anavyobadilika akionja chakula kizuri kilichokosa chumvi na mpishi yuko mbele yake.

"Mzee wangu, uniwie radhi," alisema. "Ndege za namna hii nimezifanyia kazi. Mwili wa hii ni mfupi. Au mabawa ni marefu, moja kati ya hayo."

Tata alimjibu kwa adabu kwamba ameipima. Bwana Salehe akasema pengine ni macho yake, akaacha. Wakakubaliana kwamba ndege ikirudi mwezi unaofuata, Bwana Salehe atapita kuichukua ile ya kuchonga. Aliondoka tumeagana vizuri, lakini nyumba haikuwa ile ile. Tata alikuwa akiishusha ile ndege asubuhi, anaitazama, anaitundika. Siku moja nikigeuza kakao nyuma ya ghala niliwasikia yeye na mkewe. Mama Tupo alisema kwa sauti ya chini amuulize aliyeiona. Tata akasema, niliiona mwenyewe, niliigusa mwenyewe. Kisha Mama Tupo akasema, haya, uliigusa, kwa ile sauti ambayo mke huitumia baada ya miaka ishirini na tano ya ndoa, na mlango ukafungwa.

Wiki iliyofuata Mama Tupo akanituma Matema kununua vyungu. Tulikuwa na vyungu vya kutosha. Akanisisitizia ninunue kwa Bibi Rabeka, si kwa mwingine. Nilimkuta amekaa kwenye mchanga karibu na maji, mikono imejaa udongo, akikizungusha chungu juu ya kigae, milima nyuma yake imesimama wima. Nilipomtajia natoka nyumbani kwa nani, akauliza kama Lutufyo bado anacheza na ndege. Nikasema ndiyo, na kwamba ile ya majini inakwenda Dar. Akacheka. Akanisimulia kama mtu anayesimulia mvua ya juzi. Ndege ilivutwa hadi mchangani mbele ya nyumba ya mama yake. Yeye na wenzake waliizunguka siku nzima. Alivua kitenge chake cha pili akaipima: mwili vitenge vitano, mabawa kutoka ncha hadi ncha vitenge vinane. Jioni akaifinyanga, kila kitenge akikifanya urefu wa kiberiti kimoja. Mwili akauchoma pamoja na vyungu, kisha akachomeka mabawa ya mwanzi. Siku tatu baada ya ndege kuondoka akaja Lutufyo mbio kutoka Makwale, macho ya manjano, ametoka kitandani kwa malaria. Alikaa mchangani akalia. Rabeka akampa ile ya udongo.

Nikamwambia kwamba ndege ya Tata ina mwili wa vitenge vinne na nusu. Akaniuliza nani amesema vinne na nusu. Nikaeleza: pengine aliupima mwili wa udongo kwa kiberiti. Alinitazama, akatazama chungu kibichi mikononi mwake, kisha akanionyesha kwa kidevu vile vilivyochomwa, vya mkono ule ule na kipimo kile kile, na kweli vilikuwa vidogo zaidi.

"Udongo ukikauka unapungua, ukipita motoni unapungua tena," alisema. "Huku hata mtoto anajua. Yeye ni mtu wa mpunga, angejuaje? Angeniuliza tu."

Nilirudi na vyungu viwili. Hesabu nilikuwa nimeshaimaliza kabla sijafika nyumbani. Kitenge ni mikono minne, kwa hiyo punje nne. Mwili ulitakiwa punje ishirini. Wake ulikuwa kumi na nane. Punje mbili. Nikinyamaza, ndege inakwenda kwa watu wanaojua, wanaicheka, na jina la Tata Lutufyo linachekwa nayo. Nikisema, nitakuwa nimemwambia mtu aliyenipa kiti kwamba najua hakuigusa. Leo nina miaka mingi nyuma yangu ya kuchora ramani za serikali, nimewasahihisha wakubwa wenye magari, na bado sijawahi kuogopa sentensi kama nilivyoiogopa ile. Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu alikuwa akisugua mtumbwi mmoja wa ile ndege, nikasema haraka haraka kabla sijaghairi.

"Tata, Bibi Rabeka anasema mwili ulikuwa vitenge vitano. Udongo ulipungua motoni."

Aliweka msasa chini. Akaniuliza nani amenituma kumuuliza. Nikasema sikutumwa kuuliza, nilitumwa vyungu. Akatazama mlangoni, kule jikoni, muda mrefu, nadhani akaelewa safari ya vyungu. Kisha akaniambia kakao inahitaji mtu. Siku nne niligeuza kakao. Nilikula jikoni na Mama Tupo, na Tata alipelekewa chakula ghalani. Sikulia, lakini nilifunga nguo zangu kwenye kitenge na kuziweka karibu na mlango, nikingoja kuambiwa nirudi Talatala. Mama Tupo aliziona, akazifungua, akazifua. Wakati akianika ndipo aliponiambia yaliyobaki: kwamba sheria ya kugusa haikuwepo zamani. Aliianzisha baada ya ndege ile. Hakutaka mtu mwingine apungukiwe na kile alichopungukiwa yeye, na kadiri sheria ilivyopata nguvu ndivyo alivyozidi kushindwa kuurudisha uongo wake nyuma. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote. Watu walioweka msalaba mwezi uliopita waliisifu sheria ile kama kiburi cha fundi. Mimi naiona kama huzuni ya kijana aliyefika amechelewa.

Siku ya tano, baada ya uji, aliniita. Ndege ya majini ilikuwa mezani, imekatwa mwili katikati, vipande viwili. Nilishtuka kama niliyeona kuku wa mtu ameuawa. Kando yake kulikuwa na punje mbili za mchele, zimepangwa kwa urefu, na kipande kikavu cha kiini cha mwale.

"Ongeza," alisema, akainuka akaniachia kiti chake.

Ilinichukua siku tisa kukichonga kipande kile, kukiunga, kusugua hadi kidole kisijue mahali pa kiungo, na kupaka rangi. Hakunigusia kitu. Alipita nyuma yangu, akasimama, akaondoka. Siku niliyomaliza akaishika, akafumba macho, akapitisha kidole gumba kutoka puani hadi mkiani mara mbili, akasema Mama Tupo aandae chai. Ninajua maisha yangu yaligeukia wapi: pale, siyo kwenye cheti chochote. Kazini walinishangaa kwa nini kabla ya kuchora kijito lazima nimtafute mwanamke anayechota maji pale na kumuuliza. Sikuwaeleza.

Ndege ya Bwana Salehe ilirudi siku ya jua kali. Tata alivaa koti la kanisani juu ya suruali ya kufyekea. Tulikuwa watu kama thelathini, wenye ng'ombe wakiwemo, na nilipogeuka nikamwona Bibi Rabeka amefika kutoka Matema, amekaa juu ya begi lake; Mama Tupo alikuwa amempelekea ujumbe bila kumwambia mtu. Bwana Salehe aliamkia wazee, akaipokea ndege, akaigeuza kwenye mwanga. Akatabasamu kabla hajasema.

"Sasa imekaa," alisema. "Ulikumbuka, Mzee?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na Bwana Salehe alikuwa amempa kwa mkono wake, kwa heshima. Nilikuwa nimesimama karibu naye na nilimwombea kabisa aseme ndiyo, nasema ukweli. Tata Lutufyo alivua kofia.

"Sikukumbuka. Sikuwepo," alisema, kwa sauti ya kuwafikia hata wenye ng'ombe. "Nilikuwa nyumbani naumwa. Mimi hii ndege sikuigusa. Aliyeigusa ni yule mama pale, na aliyeisahihisha ni huyu binti. Uwaambie hivyo huko Dar."

Bwana Salehe akaangalia chini. Tata akatembea mpaka alipokaa Bibi Rabeka, na nilimfuata kwa sababu nilihofu kwamba ataanguka. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akimwona kanisani, sokoni, misibani, na hakuwahi kumuuliza chochote juu ya siku ile, maana kuuliza kungekuwa kukiri. Alisimama mbele yake ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Rabeka," alisema. "Ilikuwaje?"

"Ilikuwa ya moto," alisema Bibi Rabeka. "Jua lilikuwa limeichoma tangu asubuhi. Niliondoa mkono, halafu nikaurudisha." Akasogea kidogo, akampisha nafasi. "Kaa nikueleze."

Tata Lutufyo akaketi chini kwenye nyasi na koti lake la kanisani. Bibi Rabeka akaanza tangu mwanzo, tangu mlio walioudhania ngurumo, na kila alipotaka kuruka jambo Tata alimrudisha: na mlango ulifungukia wapi, na mitumbwi ilikuwa na misumari au la, na harufu yake. Rubani aliangalia saa mara mbili. Halafu naye akazunguka upande wenye kivuli cha bawa, akaketi.